Dirisha la Hospitali ya Bondeni

Wapo wanaobisha kwamba nchi ya Tulizani haipo. Siwema Mndolwa hakuwa na muda wa kubishana nao. Binti yake Hidaya aliolewa huko, mimba yake ilikuwa imetimia miezi tisa, na ujumbe alioutuma ulikuwa mfupi: mama njoo, miguu imevimba. Siwema alikuwa matroni wa bweni la wasichana. Aliomba ruhusa kazini, akanyimwa, akaondoka. Kuhusu safari yenyewe hakuna la kusimulia. Alipanda, akashuka, akafika.

Kitu cha kwanza kumpokea katika Jimbo la Bondeni kilikuwa ng'ombe. Alisimama katikati ya daraja la kuingilia mjini, amelikingama lote, kichwa kwenye ukingo mmoja na mkia kwenye mwingine. Kijana mwenye kofia ya serikali alimshika kamba. Watu waliotaka kuvuka waliinama, wakapita chini ya tumbo, wakainuka upande wa pili, wakaendelea na mazungumzo yao pale walipoyaachia.

Kijana wa kamba alikuwa mkwe wake, Tambo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tambo, si mliniambia umepata kazi serikalini?"

"Ndiyo hii, mama."

"Kushika ng'ombe?"

"Kumshika asisogee," alisema Tambo, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuulizwa hivyo na ndugu wengi. "Ni cheo cha kudumu. Lazima uwe umesomea mifugo."

Siwema alimtazama ng'ombe, akatazama nguo yake ya safari, akainama, akapita. Kwenye kuinuka alimwomba mkwewe amweleze kwa maneno machache, na Tambo alimweleza.

Bondeni ilikopa fedha kutoka Ng'ambo. Kwa fedha hizo lilijengwa daraja, zikawekwa taa za barabarani, bomba la maji, soko na hospitali. Kisha wakopeshaji wakadai chao, na serikali ya jimbo ikajibu kwamba haidaiwi. Balozi wa Ng'ambo akaingia kati kupatanisha. Sasa huko Tulizani upo Mkataba unaosema hivi: siku Balozi anapoupokea mgogoro hupigwa kengele, na tangu kengele ilie, kila kilichoguswa na mkopo kitabaki vile vile kilivyokutwa mpaka mwafaka upatikane, ili upande wowote usijinufaishe. Wenyewe wanaiita Sheria ya Vilivyo. Siwema alikiri moyoni kwamba kwa kuisikia tu haikuwa sheria mbaya.

"Na ng'ombe?"

"Alikuwa anavuka kengele ilipolia."

"Amesimama hapo tangu lini?"

"Huyu tangu mwaka jana. Wa kwanza alikufa kwa uzee. Palikuwa na zogo, mama, usiombe. Balozi aliandika kulalamika, Liwali akaandika kujibu, mpaka tulipompata huyu mwenye baka jeupe mahali pale pale."

Mjini mambo yalikuwa hivyo hivyo. Taa za barabarani ziliwaka jua kali, kwa sababu fundi alikuwa anazijaribu. Bomba la sokoni lilimwaga maji mchana kutwa, kwa sababu mtu alikuwa anachota. Juu ya ngazi, mbele ya ukuta ulionusurika kupakwa rangi, fundi rangi wa serikali alisimama amenyoosha mkono wenye brashi, na chini wenzake wawili walisubiri zamu wakicheza bao. Hakuna aliyecheka. Watu wa Bondeni walikuwa wameshapita hatua hiyo.

Hidaya alikuwa amekaa kizingitini, miguu imejaa kama mikate ya kuchovya. Alimkumbatia mama yake kwa mkono mmoja, maana wa pili alikuwa anashikia kiuno.

"Umepima presha?"

"Mwenye duka la dawa alinipima. Alivua miwani, akaivaa, akapima tena, akasema nikajifungulie hospitali. Kaniapia, mama. Nyumbani nisijaribu."

"Hospitali ipo?"

"Ipo. Nzuri sana."

"Basi nini kinatuweka hapa?"

"Imefungwa," alisema Hidaya. "Wamefunga kwenda kula."

"Watarudi saa ngapi?"

Hidaya alimtazama mumewe, aliyekuwa ametoka zamu, na Tambo akatazama kofia yake. Kengele ilikuwa imelia saa ya chakula cha mchana. Mlinzi alikuwa ametoka kufunga mlango, na ufunguo bado umo kwenye kitasa.

Siwema alikwenda kujionea. Hospitali ya Bondeni ilikuwa jengo la fahari, vigae vinang'aa, jina limeandikwa kwa herufi kubwa za shaba. Mlangoni ufunguo ulining'inia kwenye kitasa, na kando yake alisimama askari wa kuhakikisha hauzungushwi. Upande wa wodi ya wazazi dirisha moja lilikuwa wazi, vioo vyote viwili vimesukumwa nje, na hapo palikuwa na askari mwingine. Ndani ya dirisha alionekana mwanamke wa makamo aliyevaa sare nyeupe, anasuka ukili.

"Karibu, dada," alisema yule mwanamke. "Usinishangae. Mimi Chausiku, mkunga. Nilikuwa nakula humu ndani kengele ilipolia."

"Na hujatoka?"

"Nikitoka nitakuwa nimebadilisha hali. Mshahara wanatoa, siwezi kuwasingizia. Mume wangu ananiletea chakula hapa dirishani. Hatujagombana tangu nifungiwe. Kama una mwanamume anakusumbua, jaribu."

"Vitanda vipo?"

"Vitanda, dawa, mashine ya oksijeni, vyote. Kila asubuhi navipangusa vumbi. Tatizo mgonjwa hawezi kuingia."

Siwema alilitazama lile dirisha kwa muda mrefu, kisha akalipa kisogo. Maisha yake yote ya kazi alikuwa amewakamata wasichana madirishani. Alijua kila ujanja wao: benchi chini, khanga juu ya kizingiti, mmoja anasukuma na mmoja anavuta. Alikwisha kuwafukuzisha shule wengine. Yeye alikuwa mtu wa milango. Mlango ukifungwa, unakwenda kumwona mwenye ufunguo.

Kesho yake asubuhi alikwenda kuwaona wenye ufunguo.

Baraza la Mwafaka lilikaa kila siku katika ukumbi uliotazamana na hospitali, ng'ambo ya barabara. Alipofika alikuta mlango umezibwa na kiti kikubwa cha enzi, miguu miwili ndani na miwili nje, na juu yake amekaa mzee nadhifu mwenye nishani. Huyu ndiye Balozi Orvik. Mkataba ulimkataza kuingilia mambo ya ndani ya Tulizani, na maslahi ya nchi yake yalimkataza kukaa nje. Wanasheria wakamtafutia mahali pa kukaa, wakampatia kizingiti.

"Pita, mama, pita tu," alisema Balozi, akikunja magoti kwa adabu. "Mimi sipo."

Ndani walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Liwali Makungu, mkuu wa jimbo, mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza mtoto. Wa pili alikuwa Bwana Teldo, wakala wa wakopeshaji, mwembamba, aliyejifunza lugha ya nchi kwa kusoma mikataba, hivyo hata akiomba chumvi ilisikika kama notisi. Siwema aliwasalimu, wakaitika, akataka kusema shida yake, wakamwomba asubiri kidogo wamalize hoja waliyoianza mwaka juzi.

"Nasisitiza," alisema Liwali, "kwamba mkopo ule ulipigwa muhuri wa kijani. Liwali aliyenitangulia ndiye alikuwa na muhuri wa kijani. Serikali yangu mimi hutumia wa bluu. Aliyekopa ni kijani. Mtafuteni kijani."

"Fedha zilitolewa, na jengo lilijengwa," alisema Bwana Teldo. "Jengo halina muhuri."

"Ndiyo sababu hatulitambui."

"Mheshimiwa, unaliona kutoka hapo ulipokaa."

"Kuliona naliona. Kulitambua ni jambo jingine."

Kutoka kizingitini Balozi alikohoa. "Serikali yangu," alisema, "haina upande. Ila ingependa kukumbusha, kirafiki kabisa, kwamba meli ya mchele wa msaada iko njiani, na nahodha wake ni mtu wa kusahau njia anapokuwa na huzuni."

Liwali aliinamisha kichwa kushukuru. Bwana Teldo aliandika. Siwema aliona hapo ndipo pake, akasimama.

"Mimi ni mama wa Hidaya, mke wa Tambo wa ng'ombe," alisema. "Binti yangu ana presha. Anatakiwa kujifungulia hospitali, na wakati wowote kuanzia sasa. Ufunguo uko mlangoni. Naomba mtu auzungushe."

Wote watatu walisikitika. Haukuwa unafiki. Liwali alitoa leso, akafuta macho hasa.

"Mama yangu," alisema, "ningeuzungusha kwa mkono wangu huu. Lakini nikifungua, nitakuwa nimekiri kwamba mlango ni wangu. Mlango ukiwa wangu, jengo ni langu. Jengo likiwa langu, deni ni langu. Wananchi wa Bondeni watanionaje?"

"Na wewe, baba?" Siwema alimgeukia Bwana Teldo.

"Wateja wangu wakifungua, watachukuliwa kuwa wamelichukua jengo badala ya fedha. Wateja wangu hawataki jengo. Walikwisha kuliona."

"Mtukufu Balozi?"

"Hiyo ingekuwa kuingilia," alisema Balozi. "Ninachoweza kutoa ni wasiwasi. Naweza kutoa wasiwasi mkubwa, nikiwasiliana na kwetu."

Siwema alifikiri. "Nikiufungua mimi?"

Liwali aliacha leso hewani. Bwana Teldo alivua kifuniko cha kalamu taratibu, kama mtu asiyetaka kumshtua ndege. Hata Balozi alijiinua kidogo kwenye kiti.

"Kisheria," alisema Bwana Teldo, "anayefungua ndiye mwenye mlango. Deni litamfuata. Una anwani ya kudumu, mama?"

"Mkopo wa daraja pia?" Siwema aliuliza.

"Haugawanyiki."

"Ni mama jasiri," Liwali alimnong'oneza Balozi, macho yamemng'aa. "Nilimwona tangu anaingia."

Siwema alikaa chini. Liwali alishusha pumzi, Bwana Teldo akafunika kalamu, na kwa kuwa saa ya chakula ilikuwa imefika, kikao kiliahirishwa. Kililetwa pilau na kuku. Siwema alikaribishwa, naye alikula, maana hakuona faida ya kuwasusia kuku. Akiwa mezani aliuliza nani analipia chakula cha kila siku cha namna ile.

"Bondeni," alisema Liwali. "Sisi ndio wenyeji."

"Mnazo fedha?"

"Tunakopa kwa Bwana Teldo."

"Mkopo wa kugharamia mazungumzo," alifafanua Bwana Teldo, akichagua paja. "Huo hauna mgogoro. Unapigwa muhuri wa bluu."

Alirudi nyumbani akamwambia Hidaya ukweli, kwa sababu hakumlea kwa uongo: wenye ufunguo hawana mlango. Hidaya hakulia. Aliuliza tu kama mama yake anakumbuka namna ya kuzalisha. Siwema alisema anakumbuka ya kawaida, hii si ya kawaida, wasidanganyane.

Uchungu ulianza siku iliyofuata, kifungua kinywa hakijaondolewa mezani. Hidaya alisimama, akashika ukingo wa meza, akasema anaona nyota mchana. Siwema alimtazama usoni na hakuuliza swali la pili. Alimwita Tambo.

"Beba benchi."

"Benchi la nini, mama?"

"La kukanyagia. Beba, na khanga mbili."

"Na ng'ombe? Nina zamu sasa hivi."

"Tambo, baba, unamtaka mke au ng'ombe?"

Tambo alibeba benchi.

Askari wa dirishani aliwaona wanakuja, akajiweka sawa. Alikuwa kijana, sare imepauka mabegani kwa kusimama juani. Siwema alimsimamia mbele kwa kimo chake chote, kama alivyozoea kuwasimamia wasichana waliochelewa foleni ya uji.

"Wewe hapa unalinda nini?"

"Nalinda dirisha, mama."

"Lisifanywe nini?"

"Lisifungwe. Lilikutwa wazi, libaki wazi. Hata mvua ikinyesha."

"Umeambiwa mtu asipite?"

Askari alifikiri kwa uaminifu. Midomo yake ilicheza, akiisoma amri yake kimoyomoyo tangu mwanzo hadi mwisho. "Sijaambiwa," alisema. "Hakuna aliyewahi kutaka kupita."

"Sasa yupo. Shika huku."

Na ikawa ule ujanja wote aliokuwa akiupiga vita maisha yake yote ulimtii mikononi. Benchi chini, khanga juu ya kizingiti isimkwaruze tumbo, Tambo na askari wanainua, Bi Chausiku ndani ameshapiga magoti mikono mbele. "Pumua, mwanangu, usisukume bado, bado!" alisema Siwema. Hidaya alisema maneno ambayo hakuwahi kuyasema mbele ya mama yake, na mama yake akajifanya hajasikia. Aliingia ubavu kwanza, kama meza kubwa inavyopitishwa mlango mdogo. Siwema akapanda nyuma yake, sketi na vyote. Askari aligeuza uso, kisha akahakikisha dirisha bado liko wazi.

Ndani kulikuwa na vumbi kidogo, tofauti na alivyosema mkunga, lakini dawa zilikuwepo na zilikuwa hai. Bi Chausiku alipima presha, akanyamaza, akachoma sindano, akaanza kazi. Mikono yake iliyokaa bure kiasi kile ilifanya kazi kwa njaa. Palikuwa na kipindi Hidaya aliitwa na hakuitika, na Siwema alimshika kisigino na kukiminya asijue anakiminya. Kisha Bi Chausiku alisema, "Huyu hapa, bibi, mpokee," na kikalia kilio kimoja kirefu cha hasira, kikatoka dirishani na kuvuka barabara.

Katika ukumbi wa Baraza la Mwafaka walikisikia wote watatu.

Walikuja. Kwanza Liwali, kisha Bwana Teldo, kisha watumishi wanne wamebeba kiti cha Balozi, wakakosa kizingiti cha kukiweka, wakakiweka chini ya dirisha kwa muda tu. Nyuma yao alikuja karani wa hazina ya jimbo na kijisanduku cha nyuzi nyekundu, maana ilikuwa desturi ya Bondeni kwamba kila mtoto akizaliwa hufungwa uzi mwekundu mkononi, alama ya fungu lake la deni. Mtoto hukua nao, na ukikatika hufungwa mwingine mnene zaidi.

"Nani amezaliwa?" aliuliza karani.

"Mjukuu wangu," alisema Siwema kutoka dirishani. "Mama yake mzima. Mnakaribishwa kuuliza hali."

Hakuna aliyeuliza. Bwana Teldo alikuwa ametabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike nchini. "Naomba iandikwe," alisema, "kwamba hospitali imetumika. Kilichotumika kimepokelewa. Kilichopokelewa hulipiwa."

Liwali alipauka. "Imetumiwa na nani? Mama huyu si wa jimbo hili. Binti yake amekuja kwa kuolewa. Na mtoto... mtoto hana muhuri wa rangi yoyote."

"Baba yake ni mtumishi wako, Mheshimiwa. Wa ng'ombe."

"Yuko likizo," alisema Liwali.

"Tangu lini?" Tambo aliuliza.

"Tangu asubuhi, mwanangu. Hongera."

Karani alikohoa. Alitaka kujua afunge uzi au asifunge. Liwali alisema asifunge, kwani akifunga, serikali itakuwa imekiri kwamba mtoto amezaliwa, na kama amezaliwa, amezaliwa mahali fulani, na mahali penyewe ni pale. Bwana Teldo alifungua mdomo kusema afunge, akasita. Karani akifunga, mtoto atakuwa ameongezwa ndani ya jengo lililoguswa na mkopo wakati mgogoro ukiendelea. Hali itakuwa imebadilika. Na adhabu ya kubadilisha hali ilikuwa ni kwa upande ulionufaika nayo, na upande ulionufaika, kwa tabasamu lake mwenyewe lililoonekana na watu wote, ulikuwa wake. Akafuta tabasamu, lakini lilikwisha kuandikwa.

Basi wakamtazama Balozi. Kwa kazi hiyo alikuwa ameletwa na kwa kazi hiyo alikuwa na kipaji hasa. Alifumba macho kitambo, kisha akasema maneno ambayo mpaka leo yanasomwa katika chuo cha diplomasia cha Tulizani:

"Pande zote zinatambua kuwepo kwa sauti. Hata hivyo, kwa maana ya Mkataba, mtoto huyu hajazaliwa."

Ilikuwa kama mvua imenyesha. Liwali alimkumbatia Bwana Teldo, Bwana Teldo akampa karani mkono, na karani akafunga kijisanduku chake. Wakaanza kuondoka kwenda kula.

"Samahani," alisema Siwema. Walisimama. "Asiyezaliwa anadaiwa?"

"Itakuwaje adaiwe?" alisema Bwana Teldo. "Hayupo."

"Na uzi?"

"Atafungwa mgogoro utakapokwisha."

"Chanjo je? Shule?"

"Mgogoro utakapokwisha," alisema Liwali kwa huruma. "Hatuna haraka, bado hajazaliwa."

Siwema alirudi ndani. Bi Chausiku alikuwa anapima presha tena, na safari hii alitaja namba kwa sauti, mara mbili, kama mtu anayetaja bei nzuri. Hidaya alikuwa amelala, mtoto juu ya kifua. Siwema aliuliza kama chanjo zimo kabatini. Zimo, alisema Bi Chausiku, ila haruhusiwi kumchanja mtoto ambaye hajazaliwa. Wakatazamana. Bi Chausiku akasema yeye kila asubuhi hupangusa vumbi, na mtu akipangusa vumbi sindano inaweza kuponyoka.

Habari ilisambaa Bondeni nzima kabla nguo za Hidaya hazijakauka kambani. Wanawake hawakuisimulia kama Baraza lilivyoisimulia. Walisema: kuna dirisha, ndani kuna mkunga, na mtoto wa humo hafungwi uzi. Wiki haikuisha, foleni ya wajawazito ilizunguka jengo. Wengine walitoka milimani wamepakiwa kwenye mikokoteni, na mmoja alikuja na benchi lake kutoka kwao, la mninga, alisema hakujua hali ya benchi za mjini. Siwema aliisimamia foleni. Hakuombwa; hakuweza tu kuona foleni mbaya akakaa kimya.

"Wewe mwenye gauni la kijani, una miezi mingapi?"

"Mitano, mama."

"Mitano unafanya nini hapa?"

"Nashika nafasi."

"Rudi nyumbani, toka hapa! Nafasi yako haitaibiwa. Anayesikia uchungu apite mbele. Anayejifanya kusikia nitamjua."

Bwana Teldo ndiye wa kwanza kugundua. Alikuwa akipokea kutoka kwa karani hesabu ya nyuzi za mwezi, na mwezi ule kijisanduku kilirudi kimejaa. Deni lilikuwepo bado, linakua kama kawaida, lakini watu wa kulirithi walikuwa wameacha kuzaliwa. Alimtaka Liwali awaamuru wanawake wajifungulie nyumbani. Liwali, ambaye tangu aingie madarakani hakuwahi kulala usingizi mzuri kama wa mwezi ule, alisema kwa majonzi kwamba hawezi kuzuia jambo ambalo, kwa maana ya Mkataba, halitokei. Bwana Teldo alimtaka basi afunge dirisha. Liwali alimkumbusha Sheria ya Vilivyo. Wakala akamwendea Balozi, na Balozi akasema atakwenda kulitazama lile dirisha yeye mwenyewe, kwa miguu, kama mtu wa kawaida anayepunga upepo, ili isije ikasemekana ameingilia.

Walikuja asubuhi, watatu pamoja. Foleni ikasogea kidogo kuwapisha, bila kupoteza mpangilio. Siwema alikuwa kwenye kivuli cha ukuta, mjukuu mikononi, amemwacha Hidaya nyumbani apumzike. Mtoto alikuwa ameanza kunenepa na kutazama watu usoni bila haya.

"Habari za asubuhi, mama," alisema Balozi.

"Nzuri, Mtukufu."

Balozi Orvik alikuwa na wajukuu kwao Ng'ambo, ambao hakuwa amewaona kwa muda mrefu kwa sababu ya mgogoro huu. Hilo ndilo lililomponza. Aliinama kidogo, akanyoosha kidole cha shahada, akagusa kile kiganja kidogo kama mzee yeyote anavyofanya akipita karibu na mtoto mchanga.

Mtoto alikishika.

Balozi alitabasamu. Kisha akakumbuka, na tabasamu likabaki usoni pake halina mwenyewe. Alivuta taratibu. Mtoto alikaza. Watoto wa umri ule hushika kwa nguvu ambayo hakuna anayejua wanaitoa wapi.

Bwana Teldo alikuwa ameshatoa kalamu. Liwali alisogea upande wa pili aone vizuri zaidi. Kwenye foleni wanawake waliacha kupiga soga, mmoja baada ya mwingine.

"Vuta tu, Mtukufu," alisema Siwema. "Hataumia."

"Siwezi," Balozi alinong'ona. "Nikivuta..." Hakumaliza. Mtu akivuta, anavuta kutoka kwa mtu.

"Basi kaa. Hana haraka."

Walikaa hivyo. Jua lilipanda, kivuli cha ukuta kikajikunja. Kutoka ng'ambo ya barabara ilikuja harufu ya pilau, kisha ikaja harufu ya pilau iliyopoa. Jasho lilimtiririka Balozi kutoka kwenye ukingo wa kofia hadi kwenye nishani, na hakuwa na mkono wa kujifutia isipokuwa wa kushoto, ambao ulikuwa umeshika fimbo.

"Mama," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia, "tafadhali. Mwambie aniachie."

Siwema alimtazama kwa utulivu, uso wake ule ule wa bwenini.

"Nimwambie nani, Mtukufu?"

Balozi alifungua mdomo. Alimtazama Bwana Teldo, akamtazama Liwali, akaitazama ile foleni ndefu ya matumbo iliyokuwa inamtazama yeye. Akaufunga.

Dirishani Bi Chausiku alichungulia, akifuta mikono. "Haya," aliita, "anayefuata!"